Milimita Mbili za Farjat

Walisema gari letu ni bandia kwa sababu limezidi milimita mbili. Naliandika hilo mwanzo kabisa ili asije mtu baadaye kunizungusha akidai kulikuwa na sababu nyingine. Haikuwepo. Milimita mbili, zilizopimwa na wakili wa hati za nyumba ambaye hajawahi kushika tupa, na ambaye mikono yake ni laini kuliko yangu nilipokuwa na miaka sita.

Mimi ni Marceline Farjat wa Rive-de-Gier, na kwa miaka arobaini na moja nimechonga mbao kwa ajili ya viwanda vya kusubu chuma vya bonde letu. Mtu akitaka kipande cha chuma, kwanza mimi nakichonga kwa mbao. Umbo hilo la mbao linazikwa kwenye mchanga, linatolewa, na shimo linalobaki ndiyo kalibu ya kumiminia chuma kilichoyeyuka. Mwaka wa kwanza wanaume wa kiwandani walinicheka. Mwaka wa pili walinyamaza, na wa tatu wakaanza kuniletea kazi walizoharibu wao.

Babu yake baba yangu, Benoît Farjat, alitengeneza magari kumi na moja kati ya mwaka 1901 na 1903, katika banda lililo nyuma ya nyumba hii ninayoandikia. Wateja wakakauka, akarudi kwenye pampu za migodini. Gari la kumi na moja halikupata mnunuzi, likabaki kwetu. Mwaka 1911 baridi kali iliipasua injini yake, naye akauziba ufa kwa shaba ya njano, mstari mmoja uliopinda, wenye urefu wa kidole. Basi likatembea miaka michache tena, halafu likaachiwa kuku.

Baba yangu, Claudius, alilipanda mara moja tu akiwa na miaka saba, amepakatwa na Benoît. Siku alipotimiza miaka themanini na saba nilimuuliza anataka keki ya aina gani.

"Sitaki keki," akasema. "Nataka kulipanda lile gari."

"Baba, lile si gari. Ni fremu, injini na mavi ya kuku."

"Ndiyo maana nimekwambia wewe, sikumwambia mwokaji."

Hakutaka kulipanda uani tu. Kila Septemba magari ya kabla ya 1905 hupanda kutoka Givors mpaka Saint-Étienne, na hupita mbele ya mlango wetu huku watu wamepanga viti barabarani tangu asubuhi. Baba alikuwa ameyatazama miaka thelathini akiwa kwenye kiti. Sasa alitaka kutazamwa yeye. Lakini ili uingie kwenye msafara lazima klabu ya magari hayo ikupe bamba la shaba, na bamba linatolewa na wazee watatu wanaolilinganisha gari lako na jingine la aina hiyo hiyo wanalolikubali. Bila bamba huna gari, una vyuma.

Gari jingine la Farjat lilikuwepo moja tu. Lilikuwa la mwenyekiti wa wazee hao, Régis Vauzelles, yule wakili niliyekwisha kumtaja. Alikuwa ameliandikia hata kitabu kidogo chenye picha za rangi, na ukurasa wa kwanza unasema ndilo Farjat la mwisho duniani. Sisi tulikuwa tukiishi kilomita kumi na tisa kutoka kwake.

Nilianza kazi nikiwa na karatasi mbili: ukurasa mmoja wa katalogi ya 1902, wenye mchoro mdogo kama stempu, na picha moja ambayo Benoît amesimama pembeni ya gari akitabasamu. Mchoro haukuonyesha kitu. Picha ingeonyesha kila kitu, ila babu alikuwa na tumbo, na tumbo lile limesimama barabara mbele ya gia boksi. Nimelitukana tumbo hilo zaidi ya nilivyomtukana mtu yeyote aliye hai.

Maana gia boksi ndiyo ilikuwa haipo. Kabureta niliiunda, magurudumu nikampa fundi wa mikokoteni kule Condrieu, viti nikashona mwenyewe. Lakini gia boksi nzima, chuma kizito chenye masikio manne ya kufungia kwenye injini, ilikuwa imetoweka. Nikimuuliza Baba ilikwenda wapi, ghafla alikuwa anasikia vibaya.

Nikameza kiburi changu, nikaenda kwa Vauzelles kuomba ruhusa ya kupima ya kwake.

Alinipokea vizuri, nisimsingizie. Alinipa glavu nyeupe.

"Karibu, Bi. Farjat. Ni heshima kwangu kulisaidia jina hili. Lenu sidhani kama tunaweza kuliita gari, lakini mabaki nayo yana thamani yake."

"Asante, Bwana Wakili. Naomba taa."

"Usiguse sana rangi. Ni ile ile ya mwanzo."

Nilipima kutwa nzima. Injini yake ilikuwa imepakwa rangi nzito ya kijani, na nilipokuwa nikitafuta pembe moja kwa kidole, nikahisi kupitia glavu mstari uliovimba ubavuni, uliopinda. Nikadhani ni rangi iliyochuruzika, nikaendelea na hesabu zangu.

Nyumbani nilichonga umbo la gia boksi kwa miezi miwili. Rafiki yangu Ferréol, mwenye kiwanda cha mwisho cha kusubu kule Saint-Chamond, alinimiminia bure, kwa sharti kwamba asubuhi hiyo nimletee chapati za viazi vya kukwaruza na chupa ya divai. Kipande kilitoka safi kabisa. Nikakileta bandani, nikakiinua kwa mnyororo, nikakisogeza kwenye injini.

Masikio hayakukutana. Kwenye injini yetu, kutoka tundu hadi tundu ni milimita mia nne. Kwenye kipande changu, mia tatu tisini na sita.

Naomba mnielewe. Kwa mchonga maumbo, milimita nne si kosa, ni aibu. Nilirudia kupima mara tisa. Niliketi juu ya kreti nikaona miaka yangu yote ya kazi imeyeyuka, nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilifikiri nimezeeka, macho yamekwisha, na Baba atakufa akiwa kwenye kile kiti cha barabarani kwa sababu binti yake hawezi tena kusoma rula.

Jioni nilimweleza mezani, huku amekata jibini ya rigotte hajaila. Baba alikuwa amesubu chuma tangu ana miaka kumi na minne. Akavuta daftari langu.

"Nisomee tofauti zote, si hiyo moja."

Nikamsomea. Mia nne kwetu, mia tatu tisini na sita kwake. Mia mbili kwetu, mia moja tisini na nane kwake. Mia kwetu, tisini na tisa kwake.

Akaweka kisu chini. "Marceline, chuma kikipoa kinasinyaa kiasi gani?"

"Baba, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Moja katika mia."

Nikasikia nilichosema. Watu wa kazi yetu hawatumii rula ya dukani. Tuna rula yetu, ambayo kila sentimita yake imezidishwa kidogo, ili umbo liwe kubwa na chuma kikishasinyaa kiwe sawa. Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mwanagenzi. Lakini kuna watu wa haraka, wasiotaka kumlipa mchongaji. Hao huchukua kipande chenyewe cha chuma, wakakizika kwenye mchanga kana kwamba ni umbo la mbao, wakamimina. Kinatoka kipande kinachofanana na cha kwanza kama mtoto na mama, ila mtoto ni mdogo, kila upande, kwa moja katika mia.

"Gia boksi yake ni nakala," nikasema. "Nilipima sawasawa. Nilipima nakala."

Baba hakufurahi pamoja nami. Alikuwa anatazama jibini.

"Mwaka 1958," akasema, "mzee Vauzelles, baba yake huyu, alikuja hapa na kofia mkononi. Alikuwa na fremu ya Farjat na magurudumu, basi. Akaniomba injini na gia boksi kwa majira ya baridi, eti achore michoro. Nikampa. Mwezi wa tatu akarudisha injini. Gia boksi akasema imepasuka mikononi mwao, samahani sana, akaniletea kreti ya divai ya Condrieu."

"Nawe?"

"Nimeinywa. Yote. Na ilikuwa nzuri." Akafuta macho kwa kitambaa cha meza. "Injini ilirudi na mchanga mweusi kwenye pembe zake. Mimi, msubu chuma, niliuona mchanga ule, nikaupangusa, nikanyamaza. Alikuwa wakili. Mimi nilikuwa mtu wa tanuru. Ndiyo maana sikukwambia."

Sijawahi kumpenda Baba kama nilivyompenda usiku ule, wala kumkasirikia hivyo. Nilimwambia yote mawili. Kesho yake nikaanza kuchonga upya, kila kipimo cha Vauzelles nikakiongeza moja katika mia, na Ferréol alipomimina na mimi nikainua mnyororo, masikio manne yalikutana na mashimo ya injini ya Benoît bila hata kugongwa nyundo. Julai ile, 1994, likawaka. Lilikohoa, likatema moshi jikoni kwa jirani, likazunguka uani. Baba alikuwa na miaka themanini na tisa na moyo uliokwisha kumlaza hospitali mara mbili. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba Septemba ya mwaka unaofuata tusiiweke kwenye hesabu.

Wazee watatu walikuja Agosti. Vauzelles, akiwa na kipimo chake kinachong'aa kwenye kikasha cha ngozi, Fleury Monteillard, mwenye gereji, anayekubali kila kitu anachosema Vauzelles, na Bi. Perrine Gachet, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hakukubali kitu mpaka akione. Vauzelles hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye jina FARJAT lililosubiwa kwa herufi za kuinuka kwenye injini, akaweka kipimo.

"Mia mbili na mbili," akasema. "La kwangu, ambalo ndilo la halali, ni mia mbili kamili. Imekaa kitabuni. Pole sana, Bi. Farjat. Mtu fulani aliiuzia familia yenu injini ya kuiga."

"Alimuuzia nani? Injini imekaa humu tangu imezaliwa."

"Vipimo havina undugu, bibie."

Nikawaeleza kusinyaa kwa chuma. Nikawaonyesha rula mbili, ya dukani na yetu. Monteillard akapiga miayo. Bi. Gachet akazichukua rula zote mbili, akazilaza pamoja, akazitazama muda mrefu. Kisha nikawasha taa ubavuni mwa injini.

"Huu mstari wa njano ni shaba. Benoît aliziba ufa wa baridi, 1911, miaka minane baada ya gari la mwisho kutoka. Ufa huo ni wa injini hii peke yake. Bwana Wakili, chini ya rangi yako ya kijani, mahali hapa hapa, kuna mstari uliopinda hivi hivi. Niligusa kwa kidole. Ukikwaruza rangi utaona si shaba. Ni chuma, kimoja na injini. Sasa niambie, injini yako ilizaliwaje na kovu?"

Vauzelles alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Sidhani kama alijua kabla ya siku ile. Nadhani alijulia pale, mbele yetu, kwamba baba yake alimrithisha uongo. Ningemwonea huruma kama angenyamaza hata dakika moja.

"Suala zito hili," akasema. "Linahitaji mtaalamu. Mtatuachia injini kwa majira ya baridi, klabu iichunguze."

Baba alikuwa mlangoni kwenye kiti chake. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akamwambia wakili, "hata kofia hukuivua. Baba yako angalau aliivua."

Wiki moja baadaye likaja pendekezo, kwa simu, kwa sauti ya asali. Klabu ina bamba jeupe la magari ya kuiga. Nikitia saini kwamba gari letu ni nakala iliyotengenezwa kwa kufuata la Vauzelles, tutaingia kwenye msafara mwaka huu huu, nyuma kabisa, na mzee atapewa shada la maua Saint-Étienne.

Nasema ukweli: nilitaka kutia saini. Nilikuwa nahesabu pumzi za Baba kila akipanda ngazi. Karatasi ni karatasi, nilijiambia, na yeye atapanda gari, watu watampungia mkono, na mimi nitakuja kuila aibu hiyo peke yangu akishaondoka. Nilimpelekea fomu nikiwa na kalamu tayari. Akaisoma kwa kioo cha kukuzia, neno kwa neno.

"Hapa panasema babu yangu alimwiga Vauzelles."

"Ndiyo, Baba."

"Na ukitia saini nitapanda."

"Utapanda."

"Mara ya kwanza walipokuja nilinyamaza, wakanilipa divai. Sasa wanataka ninyamaze tena, walipe maua. Bei inashuka, Marceline." Akanirudishia fomu. "Halafu nani kasema sitapanda? Barabara inapita wapi?"

Barabara inapita mlangoni kwetu.

Jumapili ya msafara tulifungua lango saa tatu asubuhi. Baba alivaa suti yake ya harusi za watu na kofia ya Benoît. Lango letu ni jembamba na liko kwenye kona, kwa hiyo nilitoa pua ya gari taratibu, katikati ya viti vya majirani, wakati gari namba tano limepita na namba sita bado. Mwenye bendera, kijana wa klabu, akaja mbio.

"Mama, bila bamba huingii."

"Siingii kwenye klabu yenu. Natoka nyumbani kwangu."

"Barabara ni ya msafara leo."

"Imefungwa?" Baba akauliza. "Mbona mwokaji amepita na gari lake sasa hivi?"

Kijana akatazama kulia, akatazama kushoto. Haikuwa imefungwa, haijawahi kufungwa. Majirani wakaanza kupiga makofi, naye akashusha bendera. Nikaweka gia ya kwanza. Gia boksi ililia kidogo, ikashika.

Tulikwenda polepole kuliko baiskeli. Watu wa Lorette walimjua Baba, watu wa La Grand-Croix pia, nusu yao walifanya kazi naye au ni watoto wa waliofanya kazi naye, na walikuwa wanaita, "Claudius, umeliiba wapi hilo?" naye anajibu, "Sikuliiba, waulizeni wengine." Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka, na hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa nguvu mpaka viganja vikafa ganzi. Nilikuwa na furaha iliyochanganyika na ukali, kama mtu anayeimba huku amekunja ngumi.

Saint-Étienne, uwanjani, walituzuia kwenye kamba. Hatukubishana. Tukaegesha upande huu wa kamba, nikafungua boneti. Dakika kumi baadaye Vauzelles akaingia upande ule, na mtu wa kipaza sauti, ambaye alikuwa anasoma alichopewa, akatangaza, "Na sasa, mabibi na mabwana, Farjat pekee iliyobaki duniani."

Watu wakatazama gari lile, wakatazama letu, lenye jina hilo hilo. Mtu akaanza kucheka, halafu wengi. Wakatuzunguka.

"Guseni," Baba akawaambia. "Hapo, kwenye mstari wa njano. Haliumi."

Wakagusa, mmoja mmoja, vidole vya wasubu na vya wake zao. Bi. Perrine Gachet akaja akiwa na beji yake ya uzee wa klabu, akavua glavu, naye akagusa. Kisha akavuka kamba mpaka kwa Vauzelles, na kwa sauti yake ya darasani, ambayo haihitaji kipaza sauti, akasema, "Régis, fungua boneti. Nikwaruzie rangi mahali pamoja tu, ukubwa wa ukucha."

Vauzelles alimtazama yeye, akatutazama sisi. Boneti yake ilikuwa wazi nusu, kwa ajili ya wapiga picha. Akaishusha. Akafunga mkanda wa ngozi, akaukaza tundu moja zaidi, akaketi kwenye gari lake akitazama mbele. Bi. Gachet akavua ile beji na kuiweka juu ya boneti iliyofungwa, kisha akarudi upande wetu wa kamba.

Baba alifariki Februari, kitandani mwake, akiwa ameshapanda. Bamba hatujapewa mpaka leo, na kila Septemba natoka langoni kwangu baada ya namba tano. Mwaka jana klabu iliniandikia kwa adabu sana: wako tayari kulifikiria upya gari langu, naombwa tu kuwaletea injini kwa majira ya baridi. Nimewajibu mistari miwili. Injini haitoki hapa. Waje wao, siku yoyote, waje na gari la Vauzelles na kisu cha kukwaruza rangi. Mlango uko wazi na nitawapikia.

Hawajaja.